Mfungwa aliye hatua ya mwisho ya ugonjwa: aachiwe akafie nyumbani? Utaratibu ukoje?

Uluguru Juu (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Kila msamaha wa Rais unapotangazwa, iwe Muungano au Uhuru, kwenye orodha ya wanaonufaika huwa kuna kundi la wafungwa wenye magonjwa kama UKIMWI, kifua kikuu na saratani waliofika hatua ya mwisho. Sharti lake ni wathibitishwe na jopo la waganga chini ya uenyekiti wa Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Ni jambo jema. Ila kutoka 26 Aprili hadi 9 Desemba ni zaidi ya miezi saba, na saratani ya ini haingoji miezi saba.

Naomba wanaoijua sheria na wanaoijua tiba wanijibu kwa kina. Mchakato unaanzishwa na nani: gereza, mganga au ndugu? Ripoti ya daktari iwe na nini ndani ili isirudishwe? Aliyehukumiwa kifo au maisha ana njia yoyote? Na la mwisho, ambalo watu hulikwepa: ni sawa kweli kumwachia mtu aliyeua kwa sababu amebakiza wiki chache, ilhali yule aliyeuawa hakupata hata nafasi ya kuwaaga watoto wake?

---

Wakili Kanda ya Ziwa

Mkuu, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mamlaka yenyewe ya msamaha, halafu kuna tangazo la sikukuu. Mamlaka yako kwenye Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Isome taratibu, kwa sababu inampa Rais mambo manne: kutoa msamaha, kwa masharti au bila masharti, kumwachilia mtu asitimize adhabu yake kabisa au kwa muda maalum, kubadilisha adhabu iwe tahafifu (nyepesi zaidi), na kufuta adhabu yote au sehemu yake. Hakuna mahali Ibara hiyo inapotaja Aprili au Desemba. Sikukuu ni desturi ya kiutawala. Ombi la mfungwa mmoja mgonjwa linaweza kupelekwa Februari au Agosti, na Rais ana mamlaka yale yale.

Ninaloona linasahaulika zaidi ni hayo maneno "kwa muda maalum". Hofu kubwa ya kumwachia mgonjwa ni kwamba huenda akapona akaendelea kutanua mtaani. Katiba imeshaweka dawa ya hofu hiyo: aachiliwe kwa muda, kwa mfano miezi sita, kwa sharti la kupimwa upya, badala ya kufutiwa adhabu yote kwa mkupuo. Kifungu hiki nakiona kama ufunguo wa mjadala mzima, na kinatajwa kidogo mno.

Kuhusu nani anaanzisha. Kwa msamaha wa sikukuu, orodha huandaliwa gerezani na kupanda ngazi za Magereza, kwa hiyo mtu muhimu kwa ndugu ni Mkuu wa Gereza na mganga wa zahanati ya gereza. Msisubiri tangazo. Tangazo likishatoka, mgonjwa ambaye jopo halijamwona hana muda wa kupangiwa usafiri, askari wa kumsindikiza na siku ya kikao. Ndugu waandike barua mapema, kwa jina la Mkuu wa Gereza, wakiomba mfungwa afikishwe mbele ya jopo, waambatishe nakala za majibu ya hospitali na watunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ni kama haikuandikwa.

Barua hiyo inasimama juu ya kanuni inayotambulika kimataifa. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kwenye Kanuni ya 33 zinamtaka daktari amwarifu mkuu wa gereza kila anapoona kwamba kuendelea kufungwa kutaiumiza afya ya mfungwa. Kwa hiyo ndugu anapoandika, anaomba wajibu wa kitaalamu utekelezwe.

Sasa wenye hukumu ya kifo, maisha, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na kadhalika. Hao kwa kawaida tangazo lenyewe linawatoa, na ugonjwa hauwarudishi ndani ya orodha. Kwao njia ni ombi binafsi chini ya Ibara ya 45. Si njia ya kinadharia: tarehe 9 Desemba 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa na hukumu ya kunyongwa, wakiwemo wazee waliokuwa wamekaa gerezani miongo kadhaa. Zuio la kwenye tangazo linalifunga tangazo hilo. Katiba haijifungi kwa tangazo.

---

Sista wa Tiba Shufaa

Nijibu la ripoti, maana hapo ndipo mafaili mengi yanapokufa.

Barua inayosema "mgonjwa huyu anaumwa sana, naomba asaidiwe" haimsaidii mwenyekiti wa jopo. Hawezi kuweka sahihi yake kwenye hatua ya mwisho bila ushahidi. Ripoti iliyokamilika inaanza na ugonjwa wenyewe na ulithibitishwa vipi: kama ni saratani, majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kidogo kilichokatwa mwilini) yaliyoandikwa na maabara, tarehe, na saratani imeshasambaa wapi. Kisha tiba alizopata na kwa nini zimesitishwa. Hapa lazima isemwe wazi kama tiba imeshindwa au haijawahi kutolewa, kwa sababu mgonjwa ambaye hajawahi kufikishwa kwenye mionzi hajafika mwisho wa tiba. Amefika mwisho wa usafiri wa gereza, na anachohitaji kwanza ni rufaa.

Baada ya hapo uandikwe uwezo wake wa mwili kwa kipimo kinachoeleweka. Kipimo cha ECOG kinatosha: 0 ni mzima kabisa, 3 ni mtu anayelala au kukaa zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho, 4 hawezi kujihudumia kwa lolote na hatoki kitandani au kitini. Namba hiyo, ikirudiwa mara mbili kwa wiki tatu au nne kati yake, inaonyesha mwendo. Mtu aliyekuwa 2 akawa 3 na sasa 4 hahitaji maelezo marefu.

Mwisho iandikwe anahitaji huduma gani kila siku na kama gereza linaweza kuitoa. Sehemu hii karibu kila mara huachwa, na mimi naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Chukua maumivu ya saratani. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutolewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi maradufu ili alale mpaka alfajiri. Wafungwa hufungiwa selo tangu jioni. Nani atafungua mlango saa 4 usiku kutoa dawa inayotunzwa kwenye kabati la kufuli mbili ambalo ufunguo wake anao mganga aliyekwisha rudi nyumbani? Hata mkuu wa gereza akiwa na huruma kiasi gani, ratiba ya gereza na ratiba ya dawa hii hazikutani. Ongeza kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na choo cha pembeni ya selo ambacho hawezi kukifikia. Wanaofanya kazi hiyo ni wafungwa wenzake, bila glovu.

Jambo jingine: haya magonjwa matatu yanayotajwa. Neno "kama" linaacha mlango wazi, lakini watendaji wengi huyasoma kama orodha iliyofungwa. Mtu mwenye figo zilizoshindwa kabisa anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Moyo ulioshindwa na ini lililokakamaa hufika mwisho vilevile. Kwa upande wa pili, UKIMWI wa leo si ule wa 1995. Mtu aliye kwenye dawa na zinafanya kazi hana sababu ya kuitwa wa hatua ya mwisho. Jopo likadirie hatua ya ugonjwa na mwitikio wa tiba. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

---

Nakuru Sheria

Upande wa Kenya njia ni tofauti kidogo. Ibara ya 133 ya Katiba ya 2010 inasema Rais hutumia uwezo wa huruma kwa ombi la mtu yeyote, na kwa ushauri wa Kamati yenye Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza, na wengine wasiopungua watano. Ibara imefafanuliwa na sheria ya mwaka 2011. "Mtu yeyote" ni pamoja na mke, mchungaji, imamu, au mfungwa wa selo moja. Ombi linapokewa mwaka mzima.

Hali ya afya ni mojawapo ya mambo ambayo Kamati huyaangalia, pamoja na muda aliotumikia, uzito wa kosa na mwenendo wake gerezani. Ibara ya 133(4) inaruhusu Kamati izingatie maoni ya walioathiriwa na kosa. Kwa hiyo swali la mwisho la mleta mada limepewa kiti mezani kwa jina.

Makosa yanayochelewesha: kupeleka ombi wakati rufaa bado iko mahakamani. Amua moja. Kama mgonjwa ana wiki chache na rufaa ina hoja, ombi la dhamana wakati wa kusubiri rufaa linaweza kusikilizwa haraka kuliko huruma ya Rais.

---

Mwana wa Marehemu

Nimesoma yote kwa makini na nakubali kwamba selo si mahali pa kufia. Lakini wataalamu mnazungumza kana kwamba tatizo ni karatasi tu. Huruma hii imeshatumiwa vibaya, na wanaoifaidi kwanza ni wenye majina.

Schabir Shaik wa Afrika Kusini alihukumiwa miaka 15 kwa rushwa na udanganyifu. Machi 2009, baada ya miaka 2 na miezi 4, akaachiwa kama mgonjwa wa kufa. Zaidi ya miaka kumi baadaye alikuwa bado hai. Jacob Zuma, rais wao wa zamani, alipewa paroli ya kitabibu (kuachiwa kwa ugonjwa kabla ya kumaliza kifungo) Septemba 2021, miezi miwili tu baada ya kuingia, na kamishna wa magereza aliyetoa uamuzi alikwenda kinyume na bodi ya madaktari. Abdelbaset al-Megrahi, aliyehukumiwa kwa kulipua ndege huko Lockerbie, tukio lililoua watu 270, Scotland ilimwachia 20 Agosti 2009 kwa makadirio ya miezi mitatu. Alifariki 20 Mei 2012. Waambieni familia za wale 270 kwamba miezi mitatu iligeuka miaka miwili na miezi tisa.

Na hapa kwetu mwenye kesi ya kuku hajui hata jopo linakaa wapi. Mlango huu ukipanuliwa, nani atapita kwanza?

---

Wakili Kanda ya Ziwa

Hoja yako ni nzito ndugu yangu, na siipuuzi. Ila tazama kesi zako tatu moja moja, kwa sababu kila moja iliharibika mahali tofauti.

Shaik alitoka chini ya sheria ya zamani, iliyotegemea mno maandishi ya daktari kuhusu hatua ya mwisho ya ugonjwa. Afrika Kusini ikajifunza. Kifungu cha 79 cha sheria yao ya magereza kikaandikwa upya, kikaanza kutumika 2012, na sasa kina masharti matatu yanayotakiwa yote kwa pamoja: ana ugonjwa wa kufa au ulemavu unaomzuia kujihudumia, hatari ya kurudia uhalifu ni ndogo, na kuna mpango halisi wa matunzo na usimamizi huko anakokwenda. Kuna bodi ya madaktari ya kitaifa, badala ya daktari mmoja wa mfungwa mwenyewe.

Zuma sasa. Uamuzi ule ulifutwa na Mahakama Kuu Desemba 2021, na Mahakama ya Juu ya Rufaa ikakazia Novemba 2022, kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja: bodi ilikataa, kamishna akapita juu yake. Kwa hiyo utaratibu ulikuwepo na ndio uliowezesha uharamu ule uonekane na kupelekwa mahakamani. Palipo na huruma isiyo na bodi wala sababu zilizoandikwa, hakuna cha kupeleka mahakamani.

Megrahi ni suala la kubashiri, na hilo namwachia Sista.

Wewe na mimi tunakubaliana kuhusu mwenye kesi ya kuku. Tiba yake ni kuondoa ulazima wa kuomba. Marekani, sheria ya Desemba 2018 inalitaka gereza la shirikisho limjulishe wakili na familia ndani ya saa 72 tangu mfungwa agundulike kuwa na ugonjwa wa kufa, familia iruhusiwe kumtembelea ndani ya siku 7, na ombi lake lishughulikiwe ndani ya siku 14. Mfungwa akiomba na mkuu wa gereza akakaa kimya siku 30, anakwenda mahakamani mwenyewe. Saa inaanza kuhesabu kwa ugunduzi wa ugonjwa, iwe una jina au huna. Kifungu cha namna hiyo kwetu kingewasaidia wasiojulikana kuliko wengine wote, na kinaweza kuanza hata kama mwongozo wa ndani wa Magereza.

---

Sista wa Tiba Shufaa

Kuhusu kubashiri: daktari akiulizwa "amebakiza miezi mingapi", swali ndilo lenye kasoro. Saratani ya tezi dume iliyosambaa kwenye mifupa, kama ya Megrahi, inaweza kukaa kimya, hasa mgonjwa akipata dawa mpya baada ya kutoka. Saratani ya ini ikishaleta manjano na maji tumboni huenda haraka sana. Kutumia kipimo kimoja cha miezi mitatu kwa wote ni kulazimisha madaktari wakosee. Wengine wanaogopa kukosea, wanasubiri mpaka mgonjwa anakoroma akikata roho ndipo watie sahihi, na gari la gereza linampeleka mtu nyumbani afe njiani.

Mwongozo wa Marekani wa kupunguza adhabu hautaki idadi ya miezi. Unauliza kama ugonjwa ni mkubwa, umeendelea, na mwisho wake ni kifo, na unataja mifano: saratani iliyosambaa, ogani iliyofika hatua ya mwisho, usahaulifu wa uzeeni uliokithiri. Ukiunganisha hilo na ule muda maalum wa Ibara ya 45 aliousema Wakili, huhitaji nabii. Unaachia kwa miezi sita, unapima tena.

Naona lakini hatari moja hapo, Wakili. Afrika Kusini sheria inakataza kumrudisha mtu gerezani eti kwa sababu tu amepata nafuu. Ina mantiki yake: mgonjwa anayejua kupona kunamrudisha ndani ataacha dawa. Kwa hiyo sharti la kupimwa upya liangalie hatari na mwenendo wake, na afya iliyorejea kwa kiasi kikubwa, lisiwe adhabu ya kupata ahueni ya wiki mbili.

---

Uluguru Juu (mleta mada)

Nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mwana wa Marehemu, pole, na swali lako limefanya majibu yawe bora. Mawili yamebaki. Mahabusu je, ambaye hajahukumiwa lakini anakufa ndani? Na ndugu wakishakubaliwa kumchukua, wajiandae vipi?

---

Wakili Kanda ya Ziwa

Mahabusu hana adhabu, kwa hiyo hakuna cha kusamehe. Ibara ya 45 inamhusu aliyetiwa hatiani. Kwake kuna dhamana, na kama kosa halina dhamana (mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha), aliyebaki na ufunguo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, anayeweza kuliondoa shauri. Barua iende ofisi yake ya mkoa ikiwa na ripoti ile ile aliyoieleza Sista, nakala kwa mahakama inayotaja kesi. Siku ya kutajwa, wakili aombe ripoti iingie kwenye kumbukumbu za mahakama, ili hali yake iwe imeandikwa na hakimu mwenyewe.

---

Sista wa Tiba Shufaa

Kabla hajatoka, hakikisheni mnapewa karatasi. Mgonjwa wa VVU atoke na kadi yake ya kliniki ya VVU (CTC1) na barua ya uhamisho kwenda kliniki ya karibu na nyumbani, la sivyo ataanza foleni upya bila dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu atoke na barua ya rufaa ya TB inayoonyesha ameanza lini na amebakiza nini, na watu wa nyumbani wapimwe, watoto wadogo kwanza. Mahali pa kumlaza pawe na dirisha linalofunguka.

Kwa mwenye maumivu, hesabu ya mofini ifanyike kabla ya safari. Akiwa kwenye miligramu 5 kila saa nne, na dozi maradufu usiku, anatumia miligramu 30 kwa siku. Dawa yenye miligramu 5 katika mililita 5 ni mililita 30 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 500 inafika siku 16. Ulizeni hospitali gani ya karibu inayo, siku gani wanatoa, na nani atakwenda kuchukua siku ya 14, si ya 16. Aanze dawa ya kulainisha choo siku ile ile anayoanza mofini, maana kufunga choo ndiko kunakowafanya wengi waiache. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na vipimo viandikwe ubavuni kwa kalamu nene.

Na kama hana ndugu, ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya aitwe mapema, wakati jopo linakaa, kwa sababu kutafuta kitanda kwenye makazi ya wazee au hospitali ya misheni huchukua muda kuliko kutia sahihi.